Seti ya kwanza kwa besi wa Naivasha: spiningi au beitikasta?

Mgunga_Mkavu

Wadau, hamjambo. Nataka kununua seti moja ya kuvulia samaki aina ya besi mdomo-mpana pale Ziwa Naivasha. Dukani nimekuta rili (vifaa vya kukunjia mshipi) za aina mbili: spiningi, ile inayoning'inia chini ya fimbo, na beitikasta, ile inayokaa juu ya fimbo na spuli yake, yaani ngoma ndogo inayobeba mshipi, inazunguka mshipi unapotoka. Muuzaji anasema beitikasta ni ya waliobobea, nianze na spiningi. Mwenzangu wa mashuani anasema spiningi itanikwamisha kwenye mafunjo.

Hali yenyewe ni hii. Tunatoka Karagita kwa mashua ya kukodi, watu wawili na nahodha, alfajiri hadi upepo wa mchana unapoanza. Tunavua ukingo wa mafunjo na katikati ya ile migunga iliyokufa imesimama majini tangu ziwa lilipopanda mwaka 2020. Mara nyingine ni ufukoni tu.

Vyambo vilivyopo: minyoo ya plastiki ya inchi 5, vichwa vya jigi (ndoana zenye uzito kichwani) vya gramu 7, chambo kigumu chenye mdomo cha gramu 9 kinachozama mita moja na nusu, na chura wa mpira wa gramu 14. Bajeti haizidi KSh 18,000 kwa fimbo, rili na mshipi. Natupa kwa mkono wa kulia.

Ipi inunuliwe kwanza, na mshipi gani uwekwe? Halafu, hizi beitikasta zinazoandikwa kushoto na kulia tofauti yake ni nini hasa?

---

Chubwi_Nusu

Weka kando habari ya aliyebobea na asiyebobea. Rili huchaguliwa kwa mambo mawili: uzito wa chambo, na maficho unayomtoa samaki. Ukishajua hayo, jibu linajitokeza lenyewe.

Kwenye spiningi spuli imesimama. Chambo kinavuta mshipi ukimwagika kupitia ukingo wa spuli, hakuna kitu kizito cha kuzungusha. Ndiyo maana chambo cha gramu 3 kinaruka vizuri. Kwenye beitikasta chambo chenyewe lazima kizungushe spuli. Kikiwa chepesi, hakina nguvu ya kuianzisha. Ukikirusha kwa nguvu ili kufidia, spuli inaanza kwa kasi kuliko chambo kinavyosafiri na mshipi unavurugika papo hapo. Beitikasta ya bei ya kati inaanza kutulia kwenye gramu 10 na kuendelea. Zipo zenye spuli nyepesi zinazotupa gramu 5, ila hizo zitakula sehemu kubwa ya bajeti yako.

Sasa tazama orodha yako. Jigi gramu 7, chambo kigumu gramu 9: vyote viko chini ya mstari huo. Mnyoo mnene wa inchi 5 uliotiwa chumvi una takribani gramu 9 hadi 10 bila chubwi, kwa hiyo unakaa mpakani. Ni chura pekee anayedai beitikasta. Nunua spiningi.

Fimbo: futi 7, nguvu ya wastani kwenda nzito, inayopinda nchani tu. Soma maandishi yaliyo juu ya mshiko. Unatafuta chambo cha gramu 7 hadi 21. Fimbo ya wastani ya futi 6 na nusu ingefaa maji ya wazi, lakini kwenye migunga itapinda hadi katikati wakati wewe unataka samaki ageuzwe kichwa mara moja. Rili: ukubwa 3000, au 2500 kama mkono wako ni mdogo. Hesabu ya beringi iliyoandikwa kwenye boksi isikushawishi. Shika dragi, yaani breki inayomwachia samaki mshipi, uvute mshipi kwa mkono: utoke sawasawa bila kuruka-ruka. Inayoruka iache dukani, kwa sababu huo mrukoruko ndio unaokata mshipi samaki anapogeuka ghafla karibu na mashua.

Mshipi: wa kusuka, wa nguvu ya paundi 20, mita 100 zinatosha. Anza na nailoni kidogo kwenye spuli, mizunguko kama 20 hivi, kisha funga wa kusuka juu yake. Ukiufunga moja kwa moja kwenye chuma kitupu, mzigo mzima unateleza kwenye spuli na utadhani dragi imeharibika. Jaza hadi ibaki milimita 2 hadi 3 kufikia ukingo. Ukijaza zaidi, mshipi unaanguka kwa mafungu. Ukipunguza, unasugua ukingo na hutupi mbali.

Mbele yake funga sentimita 60 hadi 90 za fluorokaboni (mshipi mgumu wa uzi mmoja, usiosukwa) ya paundi 12. Maji ya Naivasha yana tope, kwa hiyo habari ya samaki kuuona mshipi isikusumbue sana. Kipande hicho kipo kwa ajili ya miti: mshipi wa kusuka ukisugua gome la mgunga mkavu unakatika nyuzi moja moja bila wewe kuona. Fundo la kuunganisha ni lile la yuni mbili zinazokabiliana; upande wa kusuka zungusha mara 8, upande wa fluorokaboni mara 5. Lowesha kwa mate kabla ya kukaza. Fluorokaboni ikikazwa kavu inaungua kwa msuguano na fundo linakatikia hapo hapo.

Dragi: pima kwa mizani ya kuning'iniza, sio kwa kukisia. Theluthi moja ya nguvu ya sehemu dhaifu ndiyo kikomo. Paundi 12 ni kama kilo 5.4, kwa hiyo weka kilo 1.5 hivi.

---

Kamere_Asubuhi

Nakubaliana na hesabu ya uzito, sikubaliani na hitimisho. Chubwi amehesabu vyambo vilivyopo kwenye boksi. Mimi nahesabu mahali samaki alipo.

Asubuhi, besi mkubwa wa Naivasha hakai maji ya wazi. Yuko chini ya zulia la gugumaji lililosukumwa na upepo likakwama kwenye mafunjo, au ndani kabisa ambapo mizizi ya mafunjo imeninginia. Anakula samaki wadogo na wale kamba wekundu wa maji baridi wa Louisiana walioingizwa ziwani mwaka 1970. Ili kumfikia kuna njia mbili: chura wa mpira anayetembea juu ya zulia, au chubwi ya tangsteni ya gramu 21 hadi 28 inayotoboa zulia ikiwa na mnyoo mfupi nyuma yake. Zote mbili ni kazi ya beitikasta.

Samaki akishameza chini ya zulia, una sekunde moja au mbili za kumtoa. Akipata nafasi ya kuzungusha mshipi kwenye mashina mawili ya mafunjo, umempoteza, na chambo kimebaki naye mdomoni, jambo ambalo hatupaswi kumfanyia samaki. Beitikasta inavuta mshipi moja kwa moja kwenye spuli. Spiningi inaupindisha nyuzi 90 kwenye kigurudumu kidogo cha upinde wa waya, na mzigo ukiwa mkubwa nguvu nyingi inapotelea hapo. Mwili wa rili unajikunja, gia zinalalamika. Unaweza kuvuta kwa fimbo halafu ukakunja mshipi huku unashusha, sawa, lakini kila unaposhusha fimbo unampa samaki ulegevu.

Seti yangu kwa kazi hiyo: fimbo futi 7 na inchi 3, nzito, ya gramu 14 hadi 42. Rili yenye uwiano wa gia 7 kwa 1 au zaidi, yaani duara moja la mkono linazungusha spuli mara 7. Mshipi wa kusuka paundi 50, na paundi 65 kwa kutoboa zulia. Hakuna kipande cha mbele, funga chambo moja kwa moja. Dragi ikaze karibu mwisho. Chura akimezwa usivute kwa kushtuliwa na mlipuko wa maji: subiri uhisi uzito, ndipo upigilie ndoana kwa nguvu. Wanaokosa samaki kwenye chura wengi wao wanavuta wakati chura bado yuko nje ya mdomo.

Jambo moja la usalama. Vichochoro vyembamba kati ya mafunjo, hasa kabla jua halijatoka sawasawa, ni njia za kiboko akirudi majini. Nahodha akisema hapa hatuingii, hamuingii, hata kama mmeona samaki akiruka.

---

Mgunga_Mkavu

Asanteni sana. Niongeze maelezo: zulia la gugumaji tunalikuta siku nyingine, siku nyingine upepo umelihamishia ng'ambo. Migunga iko siku zote. Na ufukoni nafasi ya kurusha kwa juu hakuna, kuna matawi nyuma. Seti ya pili inaweza kusubiri miezi kadhaa. Je, hilo linabadilisha kitu?

---

Chubwi_Nusu

Linathibitisha. Matawi nyuma yako maana yake ni kutupa kwa ubavu au kwa kuselelesha chambo juu ya maji kiingie chini ya tawi. Kuselelesha kwa spiningi kunafundishika kwa asubuhi moja: mnyoo bila chubwi, ncha ya fimbo chini karibu na maji, mkono ukipita bapa kama unarusha jiwe jembamba lidunde. Kwa beitikasta, chambo kinapogusa maji mara ya kwanza kinapunguza kasi ghafla na spuli inaendelea. Ni ustadi wa baadaye.

Kwa migunga: mnyoo wa inchi 5 kwenye ndoana pana ya ukubwa 4/0, ncha imefichwa ndani ya plastiki, bila chubwi au na chubwi ya risasi ya gramu 3.5 iliyozuiwa isiteleze. Tupa upite mti, uache uzame wenyewe karibu na shina. Besi wengi wanaushika ukiwa unashuka, kwa hiyo tazama mshipi pale unapoingia majini, usitegemee mkono. Mshipi ukienda pembeni, au ukasimama kabla ya muda wake, kunja ulegevu na upigilie. Chambo chako kigumu chenye mdomo kitumie nje ya matawi tu. Ndoana zake tatu-tatu hazisamehe.

Chura wa gramu 14 bado unaweza kumtupa kwa hiyo spiningi ya wastani-nzito, kwenye zulia jembamba na kwenye mianya. Zulia nene mwachie seti ya pili. Hapo Kamere yuko sahihi kabisa, na ukifika wakati huo nunua anachosema.

---

FundiRili_Nakuru

Swali la kushoto na kulia halijajibiwa, na watu wengi hununua vibaya hapo. Spiningi karibu zote mkono wake unahamishika: unafungua kifuniko upande wa pili, unachomoa mkono, unauingiza upande unaotaka. Beitikasta haihamishiki. Maandishi ya kushoto au kulia yanaeleza mkono wa rili uko upande gani, sio wewe unatupa kwa mkono gani. Ukitupa kwa kulia na ukanunua rili ya mkono wa kushoto, fimbo inabaki kulia tangu unapotupa hadi samaki anapofika. Ukinunua ya kulia, utahamisha fimbo baada ya kila mtupo. Kwa chura na jigi, ambapo samaki hugonga chambo kikiwa ndiyo kwanza kimetua, ya kushoto inakufaa zaidi.

Jingine: usifunge beitikasta kwenye fimbo ya spiningi ili kuokoa pesa. Pete za fimbo ya spiningi ni kubwa na zimekaa chini, za beitikasta ni ndogo na ziko juu, na mshiko wake una kichomozo cha kushikilia kidole.

Siku utakapoipata, usiende nayo ziwani moja kwa moja. Nenda uwanja wa nyasi, funga chubwi ya gramu 14 isiyo na ndoana, na kwenye spuli weka nailoni ya paundi 14. Fluorokaboni ni ngumu, inajikunjua yenyewe kwenye spuli, na ikivurugika inapata alama ya kuvunjika. Hapo itakatika siku ya samaki. Nailoni inasamehe.

Kisha marekebisho, kwa mpangilio huu. Kwanza kirungu kidogo kilicho upande wa mkono wa rili. Bonyeza kitufe kinachoachia spuli, acha chubwi ishuke yenyewe. Kaza hadi ishuke polepole, na ikigusa ardhi spuli isizunguke zaidi ya nusu duara. Pili breki. Za sumaku zina namba kwenye kifuniko cha upande wa pili: kama ni 1 hadi 10, anza na 8. Zile za vipini (pini ndogo), vipini vyake viko ndani ya kifuniko: kama ni sita, washa vinne, na viwe vinatazamana jozi kwa jozi ili spuli isiyumbe. Tatu kidole gumba, ambacho hakuna breki inayokibadilisha. Kiguse mshipi kwa wepesi chambo kikiwa hewani, na kisimamishe spuli kabisa kabla chambo hakijagusa maji. Mvurugiko mwingi hutokea mwisho huo: chambo kimesimama, spuli haina habari.

Ukiweza kutupa kwa utulivu mfululizo bila mshipi kuvimba juu ya spuli, shusha breki namba moja. Usishushe kirungu na breki kwa pamoja, hutajua kipi kimeleta shida. Upepo ukiwa usoni, panda namba mbili na utupe chini chini, kwa sababu upepo unapunguza kasi ya chambo lakini haupunguzi ya spuli. Naivasha mchana hilo utalihitaji.

Hila nzuri ya mazoezi: tupa mbali uwezavyo, toa mita 5 zaidi kwa mkono, bandika kipande cha utepe wa gundi juu ya mshipi uliobaki kwenye spuli, kisha kunja. Mvurugiko hauwezi kuingia chini ya utepe.

Ukivurugika usianze kuchomoa kwa kucha. Kaza dragi mwisho, bonyeza gumba kwa nguvu juu ya spuli, zungusha mkono mara mbili au tatu huku umebonyeza. Sasa bonyeza kitufe, uvute mshipi taratibu hadi ukwame. Rudia. Mivurugiko mingi inafunguka kwa mara tatu au nne, kwa sababu si mafundo, ni vitanzi vilivyolaliana.

---

Mbongo_wa_Texas

Habari wakuu, nachangia kutoka Marekani. Huku Ziwa Fork, Texas, tuna majani ya chini ya maji badala ya mafunjo, ila kanuni ni hiyo hiyo, na besi wenu asili yake ni huku, waliletwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920. Kitu kimoja tu ambacho hakijatajwa: kwenye beitikasta usiweke mshipi wa kusuka mwembamba kuliko paundi 30, hata kama rili inaumeza. Ukipigilia ndoana kwa nguvu mshipi unajichimbia ndani ya mizunguko ya chini, na mtupo unaofuata unasimama ghafla hewani. Chambo kinakatika na kwenda zake, na fimbo inaweza kupasuka nchani. Ule wa paundi 20 uacheni kwenye spiningi.

Na rangi: maji ya tope na kamba wekundu, jigi nyeusi yenye buluu au kahawia yenye chembe nyekundu. Huku hazikosekani kwenye boksi.

---

Mgunga_Mkavu

Nimeelewa, spiningi kwanza. Swali la mwisho: mwenzangu ana spiningi na mshipi wake unajisokota hadi unatoa vitanzi kila mtupo wa tatu. Kasoro ni ya rili?

---

Chubwi_Nusu

Mara nyingi rili haina kosa. Mwulize mambo matatu.

Anafungaje ule upinde wa waya? Akizungusha mkono wa rili ujifunge wenyewe, mzunguko wa kwanza unalala legevu na mtupo unaofuata unabeba kitanzi. Aufunge kwa kidole, kisha avute mshipi kidogo ukaze kwenye kigurudumu kabla ya kuanza kukunja.

Je, anaendelea kuzungusha samaki anapovuta mshipi nje? Rili yenye uwiano wa 5.2 kwa 1 inatia misokoto mitano kwa kila duara la mkono wakati dragi inateleza. Dragi ikilia, mkono usimame.

Mshipi uliwekwaje? Kibonge cha mshipi mpya kilazwe sakafuni, lebo juu, mshipi upite katikati ya vidole vyenye kitambaa chenye maji ili uingie ukiwa umekazwa. Zungusha mara 20, usimame, ulegeze. Ukijisokota, geuza kibonge lebo chini.

Uliokwisha kusokotwa unarekebishika: mashua ikitembea polepole kwenye maji ya wazi, atoe chambo na kila kitu mbele, aachie mita 50 za mshipi mtupu nyuma ya mashua kwa dakika tatu nne, kisha akunje huku ameubana kwa vidole. Nahodha aambiwe mapema, mshipi usije ukaingia kwenye propela.